Namna ya Kutunza Tundu la Katheta ya Mshipa Mkuu kwa Mgonjwa wa Saratani

Mgonjwa wa saratani anapomaliza mzunguko mmoja wa tibakemikali, yaani kemo, katika hospitali kubwa, iwe Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza au KCMC mjini Moshi, hurudi kwao kusubiri mzunguko unaofuata, ambao aghalabu huwa baada ya wiki 3. Wapo wanaorudi na mrija uitwao katheta umetokeza kifuani au kwenye mkono wa juu, umefunikwa kwa plasta angavu. Kwa wiki hizo 3 mrija huo unakuwa mikononi mwa watu wawili: muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, ambaye pengine hajawahi kuuona mwingine, na ndugu anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Nimefanya kazi katika wodi ya saratani kwa miaka mingi, na maswali ninayopigiwa simu na watu hao wawili hayabadiliki. Plasta ibadilishwe lini? Anaweza kuoga? Je, nimchome dripu humo humo? Ana homa, nimpe dawa ya malaria? Ndiyo sababu nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Hatua za kubadilisha kifuniko na za kusafisha mrija kwa ndani nimeziandika kwa ajili ya muuguzi. Ndugu wa mgonjwa, usizifanye hatua hizo mpaka uwe umefundishwa na kusimamiwa na muuguzi wa hospitali ilikowekwa katheta, lakini uzisome, kwa maana wewe ndiwe utakayegundua kwamba hatua fulani imerukwa.

Kwanza ujue ni katheta ya aina gani

Katheta ya mshipa mkuu ni mrija laini ambao ncha yake ya ndani iko karibu na mlango wa moyo. Kwa hiyo chochote kinachoingia kupitia mrija huo, iwe dawa, hewa au kijidudu, kinafika kwenye moyo kwa sekunde chache. Hiyo ndiyo nadharia yote unayoihitaji kwa sasa, na ndiyo inayoeleza ukali wa masharti yaliyomo humu.

Aina utakazokutana nazo ni nne. Ipo inayoingilia kwenye mkono wa juu, upande wa ndani. Ipo inayopitishwa chini ya ngozi ya kifua kabla ya kuingia mshipani, ambayo wengi huiita Hickman kwa jina la daktari wa Seattle aliyeibuni katika miaka ya 1970. Hii ina kijipete cha kitambaa chini ya ngozi ambacho nyama hukikamata baada ya wiki 2 hadi 4. Ipo ya muda mfupi, inayoingilia shingoni au chini ya mtulinga, na mgonjwa mwenye hii kwa kawaida haruhusiwi kwenda nyumbani. Ya nne ni kijisanduku kilichozikwa chini ya ngozi ya kifua, kiitwacho poti, ambacho hakionekani isipokuwa kama uvimbe mdogo mgumu.

Poti isiyo na sindano haihitaji kifuniko chochote, na ngozi juu yake huoshwa kama ngozi nyingine. Isipotumika, husafishwa kwa ndani kila baada ya wiki 4 hivi, kwa kufuata ratiba ya hospitali. Muuguzi wa zahanati, nakusihi usiichome kwa sindano ya kawaida hata kama mishipa ya mikononi imekwisha yote. Sindano ya kawaida hukata na kuchota vipande vya silikoni kila inapopita, na poti itaanza kuvuja chini ya ngozi; ipo sindano yake maalumu iliyopinda, na kama huna hiyo, poti si yako kuigusa.

Muombe mgonjwa kadi au karatasi ya hospitali. Inapaswa kuonyesha aina ya katheta, tarehe iliyowekwa, idadi ya njia zake (katheta moja inaweza kuwa na njia zaidi ya moja ya kupitishia dawa), urefu wa sehemu iliyo nje ya ngozi kwa sentimita, na maelekezo ya kusafisha kwa ndani. Kama hakuna kadi, ipigie simu hospitali kabla ya kufungua kitu chochote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Viweke vyote kwenye trei safi, kwa sababu mtu anayesimama katikati ya kazi kwenda kutafuta shashi au plasta hurudi na mikono michafu pasipo kujua.

- Kitakasa mikono chenye alkoholi, au sabuni na maji yanayotiririka.
- Jozi moja ya glavu za kawaida na jozi moja ya glavu zilizotakaswa.
- Barakoa mbili, moja yako na nyingine ya mgonjwa.
- Dawa ya ngozi: klorheksidini ya zaidi ya asilimia 0.5 iliyochanganywa na alkoholi. Ikikosekana, au ngozi ya mgonjwa ikiikataa, tumia povidoni ya ayodini au alkoholi ya asilimia 70.
- Shashi zilizotakaswa, katika pakiti ambazo hazijafunguliwa.
- Kifuniko angavu kilichotakaswa, kikubwa cha kutosha kufunika tundu na sehemu ya mrija.
- Vipande vya kufutia vyenye alkoholi, kila kimoja katika pakiti yake.
- Mabomba ya sindano ya mililita 10, salini (maji ya chumvi yaliyotakaswa) ya asilimia 0.9, na kofia mpya za katheta.
- Rula ya karatasi au utepe wa kupimia, na kalamu.

Naomba nieleze kidogo juu ya vitu vitatu, kwa sababu hapo ndipo palipo na makosa mengi.

Savlon ina klorheksidini ndani yake, lakini haiwi mbadala wa dawa niliyoitaja, na ile jeli ya klorheksidini ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga nayo sivyo. Kwa mtoto mwenye umri wa chini ya miezi 2, uliza hospitali kabla ya kutumia klorheksidini yoyote, kwani ngozi yake huungua kwa urahisi.

Pamba zilizolowekwa kwenye spiriti ndani ya galipoti tangu asubuhi, ambazo kila anayepita huchovya mkono na kuchukua moja, zisikaribie katheta hii. Pamba hizo huchafuka kwa mikono na kwa vumbi, na vipo vijidudu ambavyo spiriti haiviui. Kama huna vipande vya pakiti, mimina spiriti mbichi kwenye shashi iliyotakaswa wakati ule ule unapohitaji.

Salini nayo isitolewe kwenye chupa ya dripu ya mililita 500 iliyotobolewa na kuachwa mezani kuhudumia wagonjwa wa siku nzima. Chupa ya namna hiyo ikiingia kijidudu, kila mgonjwa anayefuata anapewa kijidudu hicho moja kwa moja moyoni. Kama kituo hakina vichupa vidogo, fungua chupa mpya kwa ajili ya mgonjwa huyu mmoja, vuta unachokihitaji kwa bomba jipya, kisha itupe. Na unapotumia vichupa vidogo, isome lebo kwa sauti kabla ya kuvunja shingo ya kichupa: kichupa cha salini, cha maji ya sindano na cha kloraidi ya potasiamu vinaweza kufanana kama mapacha, na potasiamu ikisukumwa kwa mkupuo kupitia katheta hii husimamisha moyo.

Kifuniko kibadilishwe lini

Kifuniko angavu kilichoshika vizuri hubadilishwa kila baada ya siku 7. Shashi iliyobanwa kwa plasta hubadilishwa kila baada ya siku 2. Ukiweka shashi chini ya kifuniko angavu, hesabu yake ni ya shashi, yaani siku 2, kwa sababu huoni tena kilicho chini. Hili husahauliwa sana, na nimewaona wagonjwa waliokaa wiki nzima na shashi iliyokauka damu chini ya plasta nzuri inayong'aa.

Siku hizo hazihesabiwi tena iwapo kifuniko kimelowa, kimebanduka ukingo, kimechafuka au kina damu chini yake. Hapo hubadilishwa saa hiyo hiyo, hata kama kimewekwa jana. Katika joto la Tanga au Mtwara mwezi Februari, jasho peke yake linaweza kubandua kifuniko kwa siku 3, basi usishangae wala usimlaumu mgonjwa. Kwa mgonjwa anayetoka jasho jingi, shashi ya kila siku 2 mara nyingi ni bora kuliko kifuniko angavu kinachofuga unyevu.

Hatua za kubadilisha kifuniko

1. Funga dirisha, zima feni, na umwombe mtu yeyote asiyehusika atoke. Mlaze au mketishe mgonjwa vizuri, naye avae barakoa au ageuze uso upande wa pili, nawe uvae yako. Barakoa si adabu tu. Pumzi na mate ya mtu anayezungumza huku ameinamia tundu humwagika palepale.

2. Safisha mikono. Kwa kitakasa mikono, sugua kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka kikauke chenyewe. Kwa sabuni na maji, kazi nzima ni sekunde 40 hadi 60. Vua pete na saa.

3. Vaa glavu za kawaida. Shika katheta kwa mkono mmoja ili isivutike, na kwa mkono wa pili bandua kifuniko polepole kutoka kwenye kingo kuelekea tunduni. Ukivuta kutoka tunduni kwenda nje utaondoka na mrija, hasa ule wa mkononi ambao hauna nyuzi. Kifuniko angavu huachia vizuri zaidi ukikinyoosha sambamba na ngozi kuliko ukikiinua juu.

4. Usitumie mkasi wala wembe. Mwaka wangu wa kwanza wodini nilikata plasta iliyong'ang'ania kwa mkasi mdogo, na nilipoinua ncha ya plasta niliona mkwaruzo mweupe juu ya mrija, unene wa unywele. Katheta haikuvuja, lakini tangu siku hiyo sijaweka mkasi kwenye trei ya kazi hii.

5. Tazama tundu kabla ya kulisafisha. Angalia kama kuna uvimbe, usaha, majimaji, damu au uzi uliokatika. Bonyeza taratibu kuzunguka tundu, na kwa Hickman bonyeza kuufuata mrija chini ya ngozi, ukimwuliza mgonjwa kama anaumia. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tafuta ngozi iliyozidi weusi au iliyogeuka zambarau, inayong'aa, yenye joto kuliko upande wa pili. Weka mgongo wa mkono upande huu na upande ule, ulinganishe.

6. Pima sehemu ya mrija iliyo nje, kutoka tunduni hadi mwanzo wa kichwa cha katheta (sehemu ya kuunganishia bomba), kisha linganisha na kadi. Kama mrija umetoka nje zaidi, usiurudishe ndani. Sehemu iliyokuwa nje imeshashika vijidudu vya ngozi, na ncha ya ndani haipo tena mahali ilipowekwa. Ubane kwa kifuniko jinsi ulivyo, usiweke dawa yoyote humo, na mgonjwa aende akapigwe eksirei.

7. Vua glavu chafu, safisha mikono tena, uvae glavu zilizotakaswa. Hatua ya kusafisha mikono katikati ya glavu mbili hurukwa na wengi walio na haraka.

8. Sugua ngozi kwa klorheksidini kwa sekunde 30, kwenda na kurudi, juu chini na kulia kushoto, ukianzia tunduni na kufunika eneo lote litakalokaa chini ya kifuniko. Safisha pia mrija wenyewe kuanzia tunduni kwenda nje. Kama damu imekaukia hapo, iondoe kwanza kwa salini na shashi iliyotakaswa.

9. Subiri dawa ikauke yenyewe. Usipepee kwa mkono, usipulize, usifute. Klorheksidini yenye alkoholi huhitaji nusu dakika au zaidi, na ayodini huhitaji dakika 2 nzima. Dawa inaua vijidudu wakati inakauka, na kifuniko kikibandikwa juu ya ngozi mbichi, dawa iliyonaswa chini yake huichoma ngozi mpaka ikatoka malengelenge, kisha tunaambiwa mgonjwa ana mzio.

10. Kunja mrija kidogo uwe na mviringo mlegevu, ili mtu akiuvuta bahati mbaya, mviringo unyooke kwanza kabla tundu halijavutwa. Kama kuna kishikizi cha kubandika, weka kipya.

11. Bandika kifuniko tundu likiwa katikati. Usikivute wakati wa kubandika. Kilaze, kisha kikandamize kutoka katikati kwenda kingo.

12. Andika tarehe na saa kwenye ukingo wa kifuniko, na kwenye kadi andika hali ya tundu, urefu wa mrija na jina lako.

Usipake krimu ya antibayotiki juu ya tundu. Inaonekana kama kuongeza ulinzi, lakini hukaribisha fangasi na kuwazoeza bakteria dawa. Poda, asali, mafuta ya nazi, habasoda na majani yaliyopondwa visikaribie kabisa. Ninajua kwamba vingine huletwa kwa mapenzi na bibi au shangazi aliyesafiri kutoka mbali, nami huwa nawaomba kwa heshima wampake mgonjwa miguuni.

Kusafisha mrija kwa ndani

Katheta isiyotumika huziba kwa damu iliyoganda. Ya mkononi kwa kawaida husafishwa walau mara moja kwa wiki. Kwa Hickman fuata kadi. Kila njia husafishwa peke yake, hata ile ambayo haijatumika tangu iwekwe.

1. Safisha mikono, vaa glavu, uwe umejaza salini mililita 10 kwenye bomba la mililita 10 na kutoa hewa yote. Bomba dogo, la mililita 2 au 5, hutoa msukumo mkali zaidi ingawa mkono unahisi mwepesi, na linaweza kupasua mrija.

2. Sugua kichwa cha katheta kwa kipande kipya cha alkoholi kwa sekunde 15, ukizungusha kwa nguvu kama mtu anayekamua chungwa, kisha kiache kikauke. Fanya hivyo kila mara unapounganisha kitu, hata kama ulisugua dakika 2 zilizopita. Kama ningeruhusiwa kukagua hatua moja tu katika kituo kizima, ningeikagua hii, kwa sababu katheta ikishakaa wiki kadhaa, vijidudu vingi huingilia hapa kuliko tunduni.

3. Unganisha bomba, fungua klipu, vuta kidogo uone kama damu inarudi, kisha sukuma salini kwa vipande: sukuma mililita 1, tua, sukuma tena. Mtikisiko huo huosha kuta za mrija. Baada ya kutoa au kuongeza damu, tumia mililita 20.

4. Ukifikia nusu mililita ya mwisho, funga klipu huku bado unasukuma, ili damu isirudi nyuma kwenye ncha. Zipo katheta zisizo na klipu kwa sababu zina vali yao, usizitafutie kibanio.

5. Kama kadi inataka heparini, yaani dawa ya kuzuia damu kuganda, weka kipimo kilichoandikwa, usikadirie. Heparini huuzwa kwa nguvu zinazotofautiana sana, na kichupa cha uniti 5,000 kwa mililita si cha kutumia bila kuchanganywa.

Klipu ikae imefungwa wakati wote ambapo hakuna bomba wala mpira wa dripu. Kichwa kilichofunguliwa bila klipu kufungwa huvuta hewa mgonjwa anapovuta pumzi.

Maisha ya nyumbani

Kuoga inaruhusiwa, ila kifuniko kisilowe. Kwa wanaoogea ndoo na kata jambo ni rahisi kuliko kwa wenye bomba la mvua: osha sehemu ya chini kwa maji, na sehemu ya juu ifutwe kwa kitambaa chenye sabuni, ukiruka eneo la katheta. Baharini, ziwani na kwenye bwawa haruhusiwi kabisa mwenye mrija ulio nje. Usiufunge mfuko wa nailoni juu ya kifuniko na kuuacha hapo. Alikuja mama mmoja ambaye binti yake, kwa uangalifu wote, alikuwa amemzungushia nailoni kifuani kwa siku 4; tulipoifungua, ngozi chini yake ilikuwa nyeupe na imekunjamana kama vidole vya mfuaji, na kifuniko kilielea juu ya jasho.

Fundo la kanga lisikae juu ya mrija, wala mkanda wa sidiria usipite juu ya poti. Mkono wenye katheta usipimwe presha, usibebe ndoo ya maji, usitwange wala usipige jembe, lakini uendelee kutumika kwa kazi nyepesi, kwa sababu mkono uliofungwa kama umevunjika hugandisha damu. Mtoto mdogo avalishwe fulana inayobana, mrija ukiwa umezungushwa na kubandikwa ndani, na klipu isifikiwe na meno.

Ndugu wa mgonjwa, tazama kifuniko kila siku asubuhi penye mwanga, unawe mikono kabla ya kukigusa, na umpime joto asubuhi na jioni. Nunua kipimajoto, mkono kwenye paji la uso hautoshi.

Homa

Seli nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa za kemo. Katika siku hizo tundu linaweza kuwa na maambukizi makali bila tone la usaha, kwa sababu usaha hutengenezwa na seli hizo hizo ambazo hazipo. Maumivu kidogo na joto la mwili vinaweza kuwa dalili pekee.

Joto likifika nyuzi 38, anza safari. Likipanda hadi 38.3 hata mara moja, au likikaa 38 kwa saa nzima, ni dharura: antibayotiki ya mshipani inatakiwa ianze ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa afike. Nenda hospitali ya karibu yenye dawa hizo, kisha hospitali kubwa ipigiwe simu ukiwa hapo. Usimpandishe basi la mwendo wa saa 9 ili akahudumiwe anakotibiwa. Panadoli isitangulie kipimajoto, kwa sababu hushusha joto na kuacha maambukizi yakiendelea. Usimpime joto wala kumpa dawa kwa njia ya haja kubwa.

Kwetu sisi kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Kipimo cha haraka cha malaria kifanywe, sikatai, na kikionyesha malaria itibiwe; lakini mwenye katheta anayepata kemo anapewa antibiotiki hata kama kipimo cha malaria ni chanya, kwa sababu mtu anaweza kuwa na yote mawili. Kama maabara inaotesha damu ili kuona kama ina vijidudu, chukua chupa moja kupitia katheta na nyingine kwenye mshipa wa mkono, uziandike kila moja ilikotoka na saa ile ile, kabla ya antibayotiki lakini bila kuichelewesha.

Mgonjwa anayeanza kutetemeka kwa baridi ndani ya nusu saa baada ya mrija kusafishwa ana vijidudu ndani ya mrija hata kama tundu lake linapendeza. Usiisukume tena katheta hiyo, na apelekwe hospitali.

Mambo yakienda kombo

*Salini haisukumiki.* Usilazimishe. Angalia kama klipu imefungwa, kama mrija umejikunja chini ya plasta, kama uzi umekaza. Mwambie mgonjwa anyanyue mkono, akohoe, ageukie upande. Ikishindikana, funga na upeleke hospitali. Wanayo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

*Inasukumika lakini damu hairudi.* Mara nyingi ncha imeegemea ukuta wa mshipa au imefunikwa na utando. Jaribu kubadilisha mkao. Damu isiporudi, dawa za kemo zisipitishwe hapo mpaka hospitali ithibitishe mahali pa ncha, kwani baadhi yake zikimwagika nje ya mshipa huozesha nyama.

*Ngozi inawasha chini ya kifuniko.* Tazama umbo. Kama mabadiliko yana kona na kingo zilizonyooka sawasawa na plasta, ni gundi au dawa. Badilisha aina na ungojee dawa ikauke. Kama yanalizunguka tundu na kufifia kadiri yanavyokwenda mbali, hesabu kwamba ni maambukizi. Chora mpaka wake kwa kalamu ili kesho uone kama umesogea.

*Tundu linatoka damu.* Siku ya kwanza baada ya kuwekwa ni kawaida kidogo. Weka shashi na ukandamize. Baadaye, au isipokoma, chembe za kugandisha damu zinaweza kuwa zimeshuka, na kipimo cha damu kinahitajika siku hiyo.

*Mrija umepasuka au umekatika.* Ubane papo hapo kati ya palipopasuka na mwili, kwa klipu, au kwa kuukunja na kuukaza kwa mpira wa pesa. Funika kwa shashi safi na muondoke.

*Katheta imechomoka yote.* Mlaze mgonjwa chali, kandamiza tundu kwa shashi iliyotakaswa kwa dakika 10 au zaidi hadi damu ikome, kisha funika pasipitishe hewa. Mrija usitupwe, nenda nao, ili wapime kama umetoka mzima.

*Mgonjwa anapumua kwa shida ghafla wakati mrija uko wazi.* Hewa imeingia. Funga klipu, mlaze kwa ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini kuliko miguu, mpe oksijeni kama ipo, na uite msaada.

*Mkono, shingo au uso umevimba upande wa katheta.* Huenda damu imeganda mshipani. Usikande, usichue kwa mafuta. Usiitoe katheta wewe mwenyewe. Hospitali itaamua kama itoke au ibaki huku mgonjwa akipewa dawa ya kuzuia kuganda.

*Matibabu yamekwisha na katheta bado ipo.* Nimekutana na mrija uliokaa miezi 5 baada ya dozi ya mwisho kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine ameshauliza. Muuguzi, kila unapobadilisha kifuniko, uliza tarehe ya dozi inayofuata. Ikiwa hakuna, andika kwenye kadi kwa wino unaoonekana kwamba mgonjwa anaomba katheta itolewe, na uipigie simu hospitali kabla hajatoka mlangoni.